Nyumba Inayouma

Jumanne, 6 Mei 2025

Friji imenipiga tena. Nimetoka kuoga, miguu imelowa, nikashika mlango wake — paa! Mkono mzima umekufa ganzi. Maziwa yote chini. Nikasimama hapo kama mtoto aliyekatazwa akarudia.

Sasa ndiyo naelewa. Mwaka mzima Anifa aliniambia friji inauma, nami nikamjibu: vaa ndala. Mke wangu wa miaka thelathini na nne. Vaa ndala!

Oktoba friji ilimrusha hadi kwenye kabati. Wiki ile ile akaenda Dar kwa binti yetu Najiat, aliyekuwa amejifungua. Alisema anakwenda arobaini tu. Arobaini imekuwa miezi saba. Jana kwenye simu nikamuuliza, Idi tutakula pamoja? Akasema taratibu, bila hasira: Baba Najiat, mimi sirudi kwenye nyumba inayoniuma.

Basi. Natafuta fundi.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi nimempata. Anaitwa Fikiri, jirani ndiye kanipa namba. Kaja na koleo na bisibisi, basi. Tesita ya kupimia umeme hana. Anagusa waya kwa mgongo wa kidole! Nikamuuliza kama ana leseni, akacheka — mzee, umeme ni uzoefu.

Nikamweleza na ile nyingine: kila nikiwasha pasi, sakiti breka inaruka, nyumba nzima inazima. Akasema breka ni ndogo, akafunga kubwa. Haitaruka tena, mzee. Na friji? Ipandishe juu ya mbao, umeme haupiti kwenye mbao.

Hapo kanipata. Mbao ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimeitengenezea friji kibao cha mninga, nimekipiga msasa, nimekipaka vanishi. Imekaa juu pale kama sultani. Nikaigusa kwa kidole kimoja, pekupeku.

Inauma vilevile.

Jumatatu, 12 Mei

Alhamdulillah, niko hai. Nilikuwa napiga pasi kanzu. Nikasikia harufu, nikadhani ni kanzu. Kumbe ukutani! Moshi unatoka nyuma ya meni swichi, waya unayeyuka, na ile breka kubwa imetulia tu, hairuki. Nikazima kwa mpini wa ufagio. Ukuta mweusi mpaka kwenye dari.

Nikampigia Fikiri. Yuko Kigwa, atakuja keshokutwa. Asije.

Nikakaa chini sebuleni. Nikafikiri: kama angekuwepo Anifa ndani. Nikashukuru hayupo. Mara ya kwanza tangu Oktoba. Halafu nikaona aibu kushukuru, na hamu yake ikanijia palepale kwa nguvu. Adhana ya alasiri imenikuta pale pale chini.

Jumatano, 14 Mei

Bwana Emilian niliyemtengenezea kitanda mwaka jana kanipa fundi mwingine. Kaja na pikipiki kutoka Ntalikwa, kofia ngumu kichwani, begi mgongoni. Msichana. Shikamoo mzee. Marahaba binti, fundi yuko wapi? Akasema, ndiye mimi, naitwa Consolatha. Akanionyesha leseni kabla sijaomba.

Cha kwanza, kahakikisha kila kitu kimezimwa. Akafungua soketi moja, ya pili, ya tatu. Akaniita niangalie. Soketi ina matundu matatu, waya ni mbili tu.

— Hapa pangekuwa na waya wa kijani na njano, mzee. Ethi. Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji unapita humo unaingia ardhini. Nyumba hii haina.

— Sasa unapita wapi?

— Unapita kwa mama anayefungua friji.

Hamjui Anifa. Kasema tu. Mimi nikageuka nikajifanya natafuta miwani.

Na breka kubwa ya Fikiri? Alitikisa kichwa. Breka inaruka ili waya usiungue, mzee. Ukifunga kubwa kwenye waya mwembamba, umemfukuza mlinzi. Akauliza umeme wa nyumba hii alifunga nani. Nikasema marehemu Leodgar, zamani. Kweli. Ila siyo kweli yote.

Alhamisi, 15 Mei

Nitaandika humu kwanza, nione kama naweza.

Mwaka 2009. Leodgar alikuja na orodha ya vifaa, ethi imo. Nikamwambia ethi ya nini, nyumba yenyewe ndogo hii? Ondoa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaondoa, kwa sababu nyumba ni yangu. Fedha ile nikanunulia mbao za mninga, nikachonga mlango wa mbele. Miezi minne nilichonga! Mpaka leo watu wa Isevya wakipita wanasimama kuutazama. Nami nasimama nao.

Mlango wa kuonyesha wapita njia. Na aliye ndani, avae ndala.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia.

Nilipiga baada ya adhuhuri. Nikaeleza yote bila kupumua, Leodgar, orodha, mlango. Nikasikia mjukuu analia, pikipiki zinapita huko Mbagala.

Kisha akasema: nilijua.

Leodgar alimwambia siku ile ile, alipompelekea chai uani. Mama, mumeo kaondoa kitu ambacho hakiondolewi. Anifa akamjibu: ataniambia mwenyewe. Akangoja nimwambie. Miaka kumi na sita, Mama Najiat kangoja! Kila friji ilipompiga aliniambia inauma, akanipa nafasi, nami nikampa ndala.

Nikasema nisamehe. Akasema, ngoja nimuogeshe mtoto. Akakata.

Jumatano, 28 Mei

Wiki nzima nyumba imefumuliwa. Vumbi mpaka kwenye sukari. Consolatha anavuta waya mpya tatu tatu, anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Hakubali kuharakishwa. Juzi nilimwambia soketi ile ya ukumbini iache tu, haitumiki. Akaniangalia. Nikasema haya, fundi, fanya. Sikumwita binti tena.

Leo tumechimba shimo la ethi nyuma ya choo. Ardhi ya Tabora ikishakauka ni jiwe! Nimechimba mwenyewe, zamu kwa zamu naye. Tukapigilia fimbo ya shaba, tukamwaga mkaa na chumvi, ndoo tatu za maji. Mgongo unaniuma, na ni maumivu mazuri.

Chumbani aliniuliza: swichi ya taa niweke upande gani, mama analala upande gani? Nikasema alikuwa analala upande wa dirisha. Akasubiri na penseli yake ukutani. Nikarekebisha: analala upande wa dirisha.

Jumamosi, 31 Mei

Kazi imekwisha, bado taa ya baraza tu. Kuna breka mpya inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ina kitufe cha kujaribia. Consolatha akabonyeza — tap! Kimya nyumba nzima. Akasema bonyeza kila mwezi, mzee, usisahau.

Nikavua viatu nikashika friji kwa mikono yote miwili. Akanigombeza: hivyo sivyo tunavyopima! Lakini nilimwomba anichukue video. Nimemtumia Anifa. Mzee wa miaka sitini na tatu, pekupeku, kakumbatia friji.

Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.

Jumanne, 3 Juni

Najiat kaandika: Mama kakata tiketi ya treni. Anafika Alhamisi.

Nimesoma mara nne. Nimefagia uani mara mbili. Nimenunua matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, na asali. Usingizi wa mchana haukuja.

Alhamisi, 5 Juni

Kafika. Kapungua. Ana begi moja dogo, nikalibeba kwa vidole viwili.

Kwenye bajaji akafungua pochi akanionyesha tiketi kabla sijauliza. Kwenda na kurudi. Kurudi Jumanne. Nimekuja Idi, Baba Najiat. Nikasema karibu. Nimemwambia mke wangu karibu nyumbani kwake, kama mgeni!

Kazunguka vyumba vyote, kawasha, kazima. Ila maji ya kunywa aliniomba mimi nimtolee kwenye friji. Mara tatu. Nikamtolea mara tatu.

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Pilau lake. Nyumba imenuka nyumba.

Baada ya wageni nilipita ukumbini nikamwona jikoni, kasimama mbele ya friji, ndala kazivua kaziweka pembeni. Mkono kauinua nusu. Nikarudi nyuma bila kelele. Nilijua hili si langu kuliona.

Sijui kama aligusa.

Jioni kanipa juisi ya ubuyu. Ilikuwa baridi.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi ya baridi na upepo. Consolatha kaja kumalizia taa ya baraza. Nikasema wajuane: huyu ndiye Mama Najiat. Wakaingia jikoni na chai, mimi wakanisahau nje. Naandika hapa barazani.

Nawasikia. Anifa anasema huko Dar amejifunza kuoka keki, majirani wananunua. Oveni ya umeme inataka laini yake peke yake, au siyo? Consolatha anasema ndiyo, mama, waya mnene na breka yake, usichanganye na friji. Inakaa wapi oveni? Anifa anasema iko kwa Najiat.

Iko kwa Najiat! Tiketi iko juu ya kabati, ya kesho. Sijaigusa. Sijauliza. Naogopa hata kukohoa.

Wanapima ukuta kwa ajili ya laini ya oveni. Hapa, mama? Hapana, shusha kidogo. Tena kidogo. Hapo.

Drili inataka kuanza. Consolatha katoa kichwa dirishani: mzee, lazima nizime umeme kwanza, unaruhusu?

Kabla sijafungua mdomo, Anifa keshamjibu kutoka ndani: zima, mwanangu.