Kona Iliyokatwa kwenye Kiti cha Fundi

Mshauri wetu mpendwa, mimi ni mama mjane hapa kambini Dzaleka, nakusikiliza redioni kila juma nikiwa nashona, na leo nakuandikia kwa ajili ya viti, tafadhali usicheke, nisome mpaka mwisho.

Marehemu mume wangu Evariste, ambaye wote walimwita Baba Gabriella kwa jina la binti yetu, alikuwa fundi wa nguo tangu Uvira, na tulipofika huku alifungua atelye ndogo karibu na soko, kwanza cherehani moja ya kukanyaga, baadaye nyingine, na watu walimpenda kwa sababu suruali zake hazikupasuka. Alikuwa mrefu, na mguu wake wa kushoto haukukunjika vizuri tangu alipoanguka kwenye lori njiani, kwa hiyo aliunyoosha nje ya meza na kukanyaga pedali kwa mguu wa kulia peke yake, na ule wa kushoto ulikaa pale mchana kutwa mpaka vifaranga vya jirani vikazoea kupumzika juu yake, naye hakuvifukuza. Chaki aliiweka nyuma ya sikio, halafu anaitafuta mezani.

Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua. Kazi tumebaki nayo mimi na Mauwa, dada wa Kindu aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, na majuzi amejiunga mama mmoja anaitwa Orpa. Tunafanya kila kitu kama alivyokiacha. Meza zimepandishwa juu ya matofali, pasi ya makaa iko kwenye rafu nyuma ya bega la kulia, na kila kiti kimekatwa kona ya mbele upande wa kushoto. Kiti cha kwanza kilikuwa chake, na vingine alipompa seremala kutengeneza alimwambia tu, "Fanya kama hiki," na seremala ni mtu mwaminifu, akafanya kama kile. Nasi wote tumejifunza kushona kwa mguu mmoja, wa kushoto tumeunyoosha nje, nusu ya mwili iko kitini na nusu haina mahali. Wapita njia wanatutania, "Bantu ya atelye hii banakaa kama banataka kukimbia!"

Mauwa ni mfupi. Akishona, mabega yanafika masikioni, jioni mguu wake wa kushoto unakufa ganzi na inabidi ashike ukuta ndipo asimame, na akigeuka kuchukua pasi anaunguza kiwiko. Mwezi uliopita tulipeleka mashati ya wanafunzi kwenye shule moja ya mjini, Area 18, na mwalimu mkuu, baada ya kusema zikomo, yaani asante, kama wanavyoanza wenyeji wa huku, akaniambia kwa upole kwamba mifuko yote imelala upande mmoja, akanirudishia. Nilimgombeza Mauwa.

"Mauwa, uwe unaangalia kazi."

"Mama Gabriella, mi naangalia. Ni mwili njo inapinda."

Nikamwambia aombe. Akasema ameshaswali alfajiri, na kiti kilikuwa vilevile.

Halafu Orpa, ambaye ni mgeni na anauliza kila kitu, akaniuliza, "Mama, kona hii balikata kwa nini?" Nikafungua mdomo nimwambie kiti cha fundi ndivyo kilivyo, lakini nikamkumbuka Baba Gabriella amekaa chini na msumeno, anasema ubao unamkata paja, na mimi nikimshikia kiti kisitembee. Miaka yote sikuwahi kufikiri jambo hilo. Mauwa alisikia, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Yeye alikuwaka na mguu moja ya kukunja, mi niko na mbili! Kumbe nimesomea ugonjwa ya mwalimu!"

Nilitaka kumwita seremala siku ileile, lakini shemeji yangu Valentin, mdogo wa marehemu, alisikia, akaja mbio. "Shemeji, bitu ya marehemu habiguswe mbele ya kuondoa kilio. Njo desturi yetu." Nami desturi hiyo ya sherehe ya kumaliza matanga naiheshimu, ila kilio hakiondoki, kwa sababu kaka yao mkubwa alipelekwa Australia na anataka kuiona sherehe kwa simu, na kila Jumamosi tunayopanga yeye yuko kazini kiwandani. Valentin akaongeza, "Kaka alishonaka juu ya kiti hii, hakulalamikaka. Mauwa njo mvivu." Mauwa alikuwa palepale. Alikunja kitambaa chake, akasema akiona viti viko hivi mwisho wa mwezi ataenda kuuza nyanya, kule atasimama kwa miguu yake yote.

Mshauri, nikimpoteza Mauwa atelye imekufa, mimi peke yangu siwezi. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Mchana ninaporudi kutoka bombani nasimama mlangoni kidogo, nawaona Mauwa na Orpa kwa nyuma, wameinama upande ule, mguu nje, na ninamwona yeye. Nikiwanyoosha, nani tena atakaa kama Baba Gabriella? Nifanye nini?

Mama Gabriella, Dzaleka

*

Mama Gabriella, pole sana kwa msiba. Sikucheka, isipokuwa pale kwa seremala.

Sasa nisikilize, maana mguu wa mtu haungoji Jumamosi ya Australia. Unasema mnafanya kila kitu kama marehemu. Hapana, mama. Marehemu alipoumia hakujigombeza wala hakujiita mvivu, alichukua msumeno akakirekebisha kiti kimfuate yeye. Mauwa anapoumia, wewe unamwambia mwili wake ukifuate kiti, na mifuko ikilala unamtuma akaombe. Mfuko uliolala umeshonwa na mtu aliyelazwa upande. Hata ungemwajiri fundi mwingine kutoka Kauma au Area 47 huko mjini, ukamkalisha pale, baada ya wiki mwalimu mkuu angekurudishia mashati yaleyale. Hilo ni kosa lako, na la Mauwa halimo. Mwombe radhi, na Orpa awepo asikie, kwa sababu hata lile neno la mvivu lilisemwa mbele ya watu.

Kabla ya seremala, mpeleke kliniki. Ganzi ya kila jioni si ya kuzoea.

Halafu seremala arudishe kona ya kiti chake, nawe utoe matofali chini ya meza yake. Akikaa, makalio yote yawe kitini, nyayo zote mbili zifike kwenye pedali, na viwiko vilingane na meza bila kunyanyua mabega. Pasi itoke nyuma yake, iwe mbele pembeni, mahali anapoiona kabla mkono haujaenda. Mtu hatakiwi kukumbuka moto uko wapi, inatosha auone. Asimame kila anapomaliza vazi, hata kama hana pa kwenda.

Na wewe nakuonya, kwa sababu nakuona umeshaanza kumtafuta seremala. Usikate meza zote kwa kipimo cha mwili wako. Utakufa na wewe, mama, na yupo mwingine atakayelinda kipimo chako. Matofali yawe ya kuweka na kutoa, kila anayekaa ajipangie mwenyewe, Orpa apande, Mauwa ashuke.

Shemeji Valentin usigombane naye. Mwambie unaheshimu desturi, na kiti kimoja kile cha kwanza, alichokikalia kaka yake, hakitaguswa. Kipeleke nyumbani kwako leo, kikae hapo mpaka kilio kiondoke. Vile vingine si vitu vya marehemu, ni vitu vya seremala. Akikataa, mwombe kwa adabu akalie kimojawapo ashone mifuko, kuanzia asubuhi mpaka wakati wa nsima, yaani ugali wa mchana, halafu mwendelee na mazungumzo. Na kaka wa Australia mpigieni mumwombe ataje siku moja, ama awape ruhusa mwondoe kilio bila yeye. Anayefanya kazi kiwandani ataelewa habari ya mgongo kuliko wote.

Nimebakiza lile la mlangoni. Sitakugombeza hapo. Nami nimezika. Lakini unayemwona pale si mume wako, ni maumivu yake, na yeye angefurahi kuona yameondoka chumbani. Kumkumbuka utamkumbuka, habari za vifaranga umenisimulia mimi nisiyewahi kumwona, na sasa namjua. Msimulie Orpa pia. Hilo halimvunji mtu nyonga.

Kesho asubuhi, Mauwa akifika, kabla hajakaa, muulize: "Mauwa, inakuuma wapi?" Halafu nyamaza mpaka amalize.