Mkaaji wa Tangi

Jumatatu, 13 Januari

Kona ya chini imenishinda tena. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka. Wanjiru, mhariri wa kijarida chetu pale River Road, ana sheria moja kwa fumbo la maneno ninalomtungia: kila kisanduku kiwe na njia mbili, neno la kulala na la kusimama. Msomaji asiyejua moja aokolewe na jingine.

Nimeweka GUBURA. Kidokezo: Mkaaji wa tangi. Herufi tatu hazikatwi na neno lolote. Naona aibu.

Gubura ni zimwi tulilolibuni utotoni mimi na kaka yangu Mutinda, enzi tulipoishi fleti ya Parklands. Aliishi kwenye tangi kuukuu la chuma, juu ya paa. Hatukumwambia mtu.

Jumamosi, 18 Januari

Kijarida kimetoka. Wanjiru amepiga simu. "Ndanu, Gubura ni nani jameni? Watu wananichoma huku. Hiyo si haki, mrembo."

Kisha akasema kuna mmoja amepata. Ametuma picha ya fumbo, bila jina.

Nimeijaribu namba iliyoituma. Imezimwa.

Mutinda aligombana na Baba mwezi wa kumi na moja. Akatoka na blanketi lake. Hatujamsikia tangu siku hiyo.

Jumapili, 19 Januari

Mama amekunja nguo za Mutinda azipeleke kanisani. Hakulia. Alizikunja kama za marehemu.

Sikumwambia kuhusu ile picha. Je, kama si Mutinda? Kama aliyejibu ni Gubura mwenyewe? Ujinga. Lakini bomba la jikoni linadondosha maji na sitaki kulikaribia.

Jumatatu, 20 Januari

Fumbo jipya. Katikati, visanduku vitano peke yavyo, havikatwi na chochote. Kidokezo: Uliko sasa.

Katika majibu niliyompa Wanjiru nimeandika KITUI. Uongo. Jibu silijui.

Jumamosi, 25 Januari

Picha nyingine. Wanjiru amenitumia na alama za kuuliza. Namba ni ileile. Penseli, kila kisanduku kimejaa. Katika vile vitano: TANGI.

Nimemwonyesha Mama. Nimemweleza yote. Ameketi sakafuni.

Jumapili, 26 Januari

Hatukuenda kanisani. Tulikwenda Parklands, mimi na Mama. Baba hajui.

Mlinzi alisema tangi la chuma halina maji tangu yaletwe matangi ya plastiki. Hakuna anayepanda huko. Tulipanda. Niligonga. Sauti ikazunguka ndani, ikachelewa kufa.

Kifuniko kilikuwa wazi. Maboksi yaliyotandazwa. Penseli. Kurasa zangu zote. Blanketi lake.

Mama akaingiza mkono, akaligusa. Lilikuwa bado na joto.

Tuliita. Tulingoja mpaka adhana ya alasiri. Hakutokea.

Nimemwachia fumbo dogo juu ya blanketi. Kila kisanduku kina njia mbili, nimekagua. Neno la mwisho alilichagua Mama. Kidokezo: Unakongojewa. Jibu: NYUMBANI.

Nguo zimerudi kabatini.