Polishi ya Gari Lililokubeba

Kaka Elia,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, mkono umeandika wenyewe.

Kifua kilipokumaliza, Baba Mdogo alitaka tukodi gari la kukutoa mochwari kukupandisha nyumbani Mbokomu. Nikakataa. Nikasema utaletwa na pikapu ya marehemu Baba, ile uliyokuwa unaifufua polepole kwa ajili ya Mama. Basi siku moja kabla ya maziko nikashuka sokoni Kiboriloni kununua polishi ya bampa na vile vikanda vya chuma vya milangoni.

Muuzaji akaniuliza, "Dada, unataka ya kukata kutu au ya kung'arisha?"

Nikageuka nyuma nikuulize. Kaka, niligeuka kabisa. Miaka yote tuliyong'arisha magari pamoja, polishi ulichagua wewe, mimi nilishika kitambaa. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaona haya, akaanza kupangapanga makopo yake.

Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Ndeshi, kromu, huu mng'ao wa juu ya chuma, ni ngozi nyembamba. Ukiichuna, haioti tena." Nikaiacha ile nzito yenye chengachenga kama mchanga, nikachukua ya majimaji, laini. Nilijua itanitoa jasho. Kutu ilikuwa imetia madoa bampa zima. Baba Mdogo akaniletea waya wa kusugulia sufuria. Nikamwambia, "Samahani Baba Mdogo, huo hapana."

Nikasugua pale uani, watu wakiingia na mikungu ya ndizi ya msiba. Nikasugua mpaka nikauona uso wangu kwenye bampa, umevimba kwa kulia. Mama akatoka jikoni. Akatazama.

"Mwanangu anazikwa kesho, wewe unaniletea gari la harusi?"

Nilitaka kumwambia, Mama, hii ndiyo kazi yake, sina kingine cha kumpa. Akaniambia nifunike. Nikakata majani ya migomba, nikayafunga mbele na nyuma, hata milangoni. Kesho yake ikashuka mochwari kukuchukua, ukapanda mlima hivyo. Mvua ikanyesha, tope likaruka mpaka madirishani. Hakuna aliyeona, Kaka. Hata mmoja.

Tangu tukuzike, Mama haniambii neno zaidi ya "umekula?" Pikapu iko uani na tope lake, hataki niiguse. Huku chini, kwenye banda letu la kung'arishia magari, wateja wanakuja, "Elia yuko?" Wengine nawaambia. Wengine nasema umetoka kidogo, maana kuna siku sina nguvu ya kupokea pole.

Sikujua kama nilikosea. Bado sijui. Wewe ungejua namna ya kumchekesha kidogo, akasahau.

Lala, Kaka. Kila Jumamosi nitapanda nyumbani. Nitakaa jikoni nimenye naye ndizi hata asiponisemesha. Akinifukuza, nitakaa mlangoni. Umeniachia mtu mmoja tu. Simwachi.

Mdogo wako,
Ndeshi