Viungo Vyako Vilivyoliwa Msibani

Mpendwa Baba Kulwa,

Huku Mabatini tupo, tunakula na tunalala, ila nyumba imepoa. Ulipokuwa ukitoka kazini, kwenye kile kiwanda kidogo cha pombe ya jin, nilijua kwa harufu nikiwa uani kwamba leo mmeloweka maganda ya machungwa au mmeponda mbegu za giligilani. Uliniletea viganja puani kabla hata ya kuvua viatu. "Mama Kulwa, hii ni nini?" Nikisema iliki, unacheka mpaka unakohoa. "Iliki ni ya chai yako. Hii ni juniperi, vitunda vikavu vya Ulaya. Bila hii hakuna jin, kuna spiriti tu ya kuoshea vidonda."

Wenzangu wa kanisani walinisikitikia kuolewa na mtu wa pombe. Na kweli, sikuwahi kuonja hata tone. Lakini nani kati yao alijua kwamba mimi ndiye niliyekukaushia maganda? Machungwa yalitoka kwenu Ukerewe, dada yako akiyapakia kwenye meli pale Nansio. Tuliyamenya tumekaa kwenye vigoda, nawe ukinigombeza nikiacha ile nyama nyeupe kwenye ganda. "Hiyo ni uchungu mtupu, mama." Nilikasirika. Kisu changu, uani kwangu, na bado nafundishwa kumenya! Leo ungenigombeza hata kutwa, nisingefungua mdomo.

Kisha ukaanza kazi ya kwangu mimi. Ulisema jin huwezi kunipa, basi utanichanganyia viungo vyenyewe vikavu, nivimiminie maji ya moto, ninywe kama chai na dhambi isiandikwe. Ulipima kwa kiganja, ukanusa, ukapunguza, ukaongeza, majuma kwa majuma. Kuonja ulinikatalia. "Bado, haijakaa." Hatimaye ukajaza kichupa cha jamu, ukakiweka rafuni jikoni, ukasema Jumapili nikitoka kanisani nitakunywa. Jumapili hiyo kanisa ndilo lililokuja kwetu, nawe umelala sebuleni ndani ya jeneza.

Msiba unaujua. Mfiwa hainuki kwenye mkeka, na jiko linakuwa la majirani. Watu walipokuwa wanarudi kutoka makaburini nilisikia kinu kinalia, kisha harufu yako ikaja mpaka nilipokaa. Niliinuka nusu. Shangazi yako akanishika bega: "Kaa chini, mama. Mjane hahangaiki na jiko." Nikakaa.

Mama Anjela, jirani yetu, alikuwa ameona kile kichupa. Akaona mbegu, akaona mdalasini, zile juniperi nyeusi akadhani ni pilipili manga. Akasema hivi ni viungo vya pilau, akavitwanga vyote. Watu walikula mpaka wakagombea ukoko. Mimi nililetewa sahani, nikaisogeza kando. Mtaa mzima ulikula kitu ulichonitengenezea mimi, na mimi sikukionja.

Simlaumu. Alinipikia siku ambayo sikuweza hata kujifunga kitenge.

Tangu hapo najaribu. Mwenzako wa kazini aliniletea juniperi kidogo kwenye karatasi, lakini naye hajui ulichanganyaje. Ulipima kwa kiganja, na kiganja chenyewe tumekizika. Kila Jumapili namimina maji ya moto, namwita Mama Anjela aonje, maana yeye ndiye aliyekula sahani mbili siku ile. Mwanzoni alikuwa mkali kweli. "Bado, dada. Ile ilikuwa inapanda puani." Au, "Leo chungwa limezidi." Nilimpenda kwa ukali huo. Niliona kuna kitu chako bado kimo kinywani mwake.

Jumapili iliyopita viungo viliniishia. Nilimwita kwa mazoea tu, nikamtilia mchaichai na iliki. Alipiga funda moja, akanitazama, akanishika mkono. "Ndiyo yenyewe, dada. Umeipata."

Sijui kama amesahau au amenihurumia. Nilishindwa kumuuliza. Nilimshukuru, akaenda kwake amefurahi. Mimi nikabaki na kikombe mkononi, nikalia, kwa sababu sasa hakuna tena mtu wa kuniambia bado.

Pumzika, mume wangu. Watoto hawajambo.

Mkeo,
Mama Kulwa