Mama, Wimbo Wetu Umetoka Bila Risasi

Mama yangu mpendwa,

Umetoka. Ule mkusanyiko wa nyimbo niliokusimulia ukiwa bado mgonjwa kitandani, wa vijana wanaotengeneza muziki wa besi nzito na midundo iliyokatwakatwa, sasa watu wanausikiliza huku na huko. Wimbo wetu uko humo, katikati ya ule wa kijana wa Kampala na wa dada mmoja wa Lubumbashi.

Unakumbuka mchana ule pale mtaa wa Saio, tulipokuwa tunaishi zamani? Ulikuwa unaosha vyombo uani, mimi nimefungulia spika ndani. Ukasimama mlangoni, mikono imejaa povu.

“Weye, huyu mupigaji wa ngoma iko anaanguka kila mara? Hajakula?”

Nikakueleza kwamba muziki huu mdundo wake unavunjwa makusudi. Hukubisha. Uligeuza beseni, ukakaa chini, ukalipiga kama mlivyopiga ngoma mkiwa wasichana kule Djugu wakati wa mavuno, kabla hatujakimbia vita. Pigo moja ulikuwa unaliruka.

“Pale ndiyo muguu inaingia,” ukasema. “Ukijaza yote, watu watacheza wapi?”

Nikarekodi kwa simu. Ulipojisikia kwenye simu ulicheka sana, ukaniomba nirudie tena na tena, hadi sabuni ikakukaukia mikononi.

Baada ya kukuzika, sikuweza kuifungua sauti ile kwa muda mrefu. Siku nilipoifungua, wimbo ulikuja wenyewe. Niliutuma kwa bwana mmoja wa Ulaya aliyekuwa anakusanya nyimbo hizo. Akajibu kwamba ameupenda, ila niongeze milio ya risasi, wasikilizaji wajue unatoka Ituri, kwenye vita.

Mdogo wangu Fidèle alinisihi: “Yaya, dada yangu, weka tu. Bahati kama hii haiko inarudi.”

Nilikukumbuka barabarani siku tuliyokimbia, Mama, ukituziba masikio kwa kitenge na kuimba kwa nguvu ili tusisikie mlio ule. Wewe uliyeuzuia usitufikie, mimi niuingize katika wimbo wako? Nikamwandikia: “Hapana. Huu ni wimbo wa mavuno. Kama hautoshi hivi ulivyo, uacheni.”

Fidèle akaninunia. Mimi nilikula, nikalala vizuri. Hatimaye bwana yule akaandika kwamba ameusikiliza upya na anaomba msamaha. Wimbo utabaki ulivyo. Akauliza ni nani anayepiga ngoma. Nikamwandikia jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, na ndivyo lilivyochapwa kwenye mkusanyiko.

Jumapili, baada ya misa, tuliupiga kwetu hapa mtaa wa Ngezi. Majirani walijaa uani. Papa, mume wako, ambaye tangu msiba hakuwa anakaa na watu, alitoa kiti chake nje. Besi ilipoingia akainuka, akaanza kucheza taratibu, mabega kwanza. Fidèle alitaka kumshika asianguke, nikamzuia.

“Hii ngoma naijua,” Papa akasema, machozi yakimtoka na huku anacheka. “Siku nilimuonaka mama yenu mara ya kwanza, ndiyo alikuwa anapiga. Hakuwaambiaka?”

Hukutuambia, Mama! Sasa yeye ndiye anayetusimulia, kila jioni kidogo, na simu yangu inarekodi. Wimbo wa pili nimeshauanza. Pumzika, sisi huku tunacheza.

Binti yako mkubwa