Mbeta Chooni

Jumatano, 1 Februari 1956. Njombe

Hulda amejisaidia tena jikoni, kando ya mafiga. Choo kipo nyuma ya nyumba, kipya, Bwana Afya alipita akakisifu. Binti yangu wa miaka saba hakitaki. Nikimfikisha mlangoni anaziba masikio na kupiga mayowe, kisha anakimbilia kwenye mafiga yangu.

Hasemi. Hajawahi kuniita mama. Lakini mvua ikianza kudondokea kwenye ndoo huwa anacheka kabla mimi sijaisikia.

Baba yake amepata ukarani wa ghala Makambako. Nyumba za wafanyakazi ziko mstari mmoja, choo ni kimoja cha wote. Amesema, "Mama Hulda, asiyejua choo hapandi lori." Atabaki kwa bibi yake. Najua malezi ya huko. Mwaka jana nilimkuta amefungwa kamba kiunoni, kwenye nguzo, kama mbuzi. Mama mkwe akaniambia, "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nami shamba nilime saa ngapi?"

Lori linaondoka mwisho wa mwezi huu.

Jumatatu, 6 Februari

Mama mkwe ameleta ufito. Watoto wake wote walijua choo kwa ufito, anasema. Nimemchapa Hulda.

Tangu hapo amezuia kabisa. Tumbo gumu. Ahsante, mama mkwe.

Alhamisi, 9 Februari

Nimemtafuta asubuhi nzima. Nimemkuta bondeni, kwenye mianzi ya mzee Odilo wa upande wa Wakatoliki. Amechuchumaa chini ya mwanzi uliokatwa ncha, anausikiliza ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukidondokea kwenye mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia. To. To. To. Na ameshamaliza haja yake, ametulia!

Odilo anasema huja kila siku. Hagusi kitu, anasikiliza tu. Alidhani tunajua.

Kila siku. Na mimi namchapa.

Nimeomba mbeta kuukuu. Hakuniuliza ya nini.

Jumamosi, 11 Februari

Nimeitoboa tundu dogo kwenye kitako, nimeijaza maji, nimeitundika chooni juu ya debe. To. To. Hulda akasimama mlangoni. Akashusha mikono masikioni.

Akaingia. Mwenyewe! Nimekaa chini nje ya choo nikalia, nimejiziba mdomo kwa kanga nisimshtue.

Jumanne, 21 Februari

Haendi tena jikoni. Akibanwa ananiletea mbeta, ananiwekea mapajani. Mtoto asiyesema, ameniambia.

Baba yake ameona kwa macho yake. Amesema vizuri. Basi, hilo tu.

Jumapili, 26 Februari

Nimetengwa na Meza ya Bwana.

Hezekia, mzee wa kanisa, ameniona asubuhi naingia chooni na mbeta. Basi ikawa mimi, mke wa Methusela, najificha chooni kunywa ulanzi! Nikawaambia wazee ni maji, ni ya mtoto, nikaeleza yote. Wakatazamana. Mmoja akacheka. Ulevi wangeuamini hata bila shahidi, hili hawakuliamini.

Shahidi alikuwepo. Mume wangu alikaa kimya, kofia magotini, anaikung'uta vumbi lisilokuwepo.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini. "Ningesema nini? Mlevi anaeleweka, Mama Hulda. Yule mtoto nitamweleza nani akanielewa?"

Sikumpakulia chakula. Akajipakulia.

Alhamisi, 1 Machi. Makambako

Tumefika jana, wote watatu. Leo nimefungua mizigo. Mbeta haimo.

Mume wangu ameitupa njiani, lori liliposimama, Hulda amelala. Hapa tunaanza upya, anasema. Kama mtoto amezoea choo, amezoea.

Jirani yetu Eufrasia ameniletea kaa la moto. "Kamwene, dada." Nikamuuliza mianzi iko wapi huku. Akacheka: "Mgeni wa jana, leo tayari unatafuta ulanzi?" Nikapokea kaa lake. Jina langu limenitangulia, au limeanza hapa hapa, sijui.

Hulda alipekua kikapu, debe, hata godoro. Mwisho akanishika mkono, akanipeleka choo cha wote. Akasimama mlangoni, anasikiliza. Watu wakapanga mstari nyuma yetu. Sikuwa na kitu. Nikafungua mdomo: "To," nikasema. "To. To."

Akanitazama mdomo. Akaingiza mguu mmoja.

Nyuma mtu akacheka, wengine wakafuata. Hulda akachomoka mbio, na haja ikamtoka njiani, mbele ya milango ya watu.

Wakauliza huyu mtoto wa nani. Baba yake alikuwa amesimama kizingitini. Nimemsikia kwa masikio yangu. Amesema ni mtoto wa ndugu yake, yuko hapa kwa matembezi tu, Jumatatu anarudi Njombe na lori.

Nimemwogesha. Nimefunga mlango. Baba wa watu yuko nje, anaongea na wenzake habari za ghala. Hulda amekaa mbele yangu, anagusa midomo yangu kwa kidole, anasubiri.