Alisimama Mara Tatu

Kayanga, Karagwe
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na miwani yako ya kamba, na kwamba mvua ya huko Usangi imeyaachia mahindi yasimame. Mguu wa baba unaendeleaje? Mimi ni mzima. Nimenenepa kwa ndizi, usishangae nikirudi nimekuwa kama shangazi.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya namna gani. Ni ya kuuliza maswali. Nimetolewa wodini, sasa nazunguka vijijini na daktari kuwahoji watu wazima wenye pumu. Nina karatasi: wiki nne zilizopita umebanwa kifua mara ngapi, usiku umeamka mara ngapi, kazi imekushinda siku ngapi. Kila jibu lina alama. Mwenye alama nyingi anaandikwa apewe dawa ya kuvuta, kwa sababu iliyoletwa haiwatoshi wote. Mwenye sifuri anaambiwa hali yake ni nzuri, tunamuaga.

Wiki iliyopita tulikuwa Kibingo, kwa mama mmoja anaitwa Festina, rika lako, migomba yake imefika hadi mlangoni. Mumewe alitangulia kumjibia: "Huyu mzima, nesi. Anakula, anapika." Nikamwomba kwa adabu amwache aseme mwenyewe. Mwenyewe naye akasema yale yale. Usiku anaamka? Hapana. Kazi inamshinda? Hapana. Nikajumlisha, sifuri. Nilifurahi hata, maana nilikuwa nimechoka na daktari alikuwa ananisubiri kwenye gari barabarani.

Nilipoaga, akajifunga kanga anisindikize. Huku kumwacha mgeni aondoke peke yake ni aibu ya nyumba nzima, kama kwetu. Nilimkatalia, akacheka: "Unataka waseme nimekufukuza?"

Kutoka kwake hadi barabarani ni kilima kidogo tu. Akasimama kung'oa magugu kwenye kahawa ya jirani. Tukaenda kidogo, akasimama kufunga kanga upya. Mara ya tatu hakuwa na kisingizio. Alishika mgomba, na kifua chake nikakisikia kinapiga filimbi.

"Mama, si umeniambia usiku huamki?"

"Siamki kwa kuwa silali. Nakaa jikoni nimeegemea ukuta mpaka kunakucha. Sasa nitaamkaje?"

"Na kazi?"

"Kulima niliacha mwaka juzi. Hii ya kumenya ndizi nimekaa, hainishindi."

Hakudanganya hata neno moja, mama. Nilijibiwa nilichouliza. Nikageuza karatasi nikaandika nyuma yake: alisimama mara tatu. Tulipofika kwenye gari daktari akaisoma, akanikaripia, eti kusimama njiani hakuna alama. Unajua nilivyo mbishi. Nikamwambia ashuke kwenye gari, yeye ndiye amsindikize mama wa watu kurudi nyumbani. Alishuka amenuna. Aliporudi akaomba karatasi mpya akaijaza mwenyewe. Festina amepata dawa. Juzi nimepita kwake, ameanza kulala kitandani, ingawa mumewe bado anasema hakuwahi kuumwa.

Sasa nakuja kwako. Siku nilipoondoka ulinisindikiza hadi kwenye basi. Ulisimama kumsalimia mke wa mchungaji. Ukasimama bombani kunawa mikono. Ukasimama tena dukani kutazama vitenge ambavyo hukuwa na nia ya kununua. Nilikununia, nikakuambia, "Mama, utanichelewesha kwa maneno yako." Nimelikumbuka hilo wiki nzima na linaniuma. Nisamehe. Barua zako zote zinasema hujambo kabisa. Nimezitunza ndani ya Biblia, lakini siziamini tena hata moja.

Msalimie baba, na kaka Elia, mwambie aache uvivu wa kuandika. Msalimie shangazi na cherehani yake. Mke wa mchungaji msalimie sana, yeye aliyekuwa akikushikilia mkono muda mrefu pale njiani. Nadhani alijua kabla yangu.

Ukinijibu, usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie tu unasimama mara ngapi kutoka mlangoni hadi barabarani.

Mwanao mbishi,
Eliwaza